Kuitazama ramani kwa 3D: mwongozo kamili, kuanzia data ya mwinuko hadi picha ya mwisho

Wengi hudhani kazi ya 3D huanza pale unapofungua dirisha la 3D. Uzoefu umenifundisha kinyume chake. Ukifika kwenye dirisha hilo, zaidi ya nusu ya kazi iwe imeshakwisha. Mlima ukisimama kama ukuta, mto ukielea angani, nyumba zikizama ardhini, usihangaike na vitufe vya dirisha. Mara nyingi kosa liko nyuma, kwenye namba za mwinuko au kwenye vipimo vya ramani yenyewe. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye matayarisho.

Nitatumia QGIS, programu huria ya kutengeneza ramani isiyo na malipo, inayofanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Tangu toleo la 3.0, lililotoka Februari 2018, dirisha la 3D limo ndani ya programu yenyewe. Majina ya menyu nitayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini ya Kiingereza ili uyapate bila kubahatisha. Jina likitofautiana kidogo kwenye toleo lako, tafuta lililo karibu nalo.

Kwanza elewa kinachopanda

Tandika kitambaa mezani, kisha ingiza mawe chini yake. Kitambaa ni ramani yako ya kawaida: picha ya satelaiti, barabara, mito, mipaka. Mawe ni rasta ya mwinuko, yaani picha ambayo kila pikseli yake hubeba namba moja ya urefu kutoka usawa wa bahari badala ya rangi. Programu hukiinua kitambaa kila mahali kwa kiasi cha namba iliyo chini yake. Siri yote ni hiyo.

Namba ni moja tu kwa kila pikseli, na hapo ndipo mipaka ya mbinu hii inapoanzia. Pango haliwezi kuonekana, wala jabali lililojitokeza mbele kama paa. Barabara inayovuka bonde juu ya daraja itashuka hadi chini ya bonde na kupanda tena upande wa pili, kwa sababu kitambaa hakijui daraja. Ndiyo maana wataalamu wengine hukataa kuita sura hii pande tatu na kuiita mbili na nusu. Nakubaliana nao, lakini kwa kazi nyingi mbili na nusu zinatosha.

Yapo pia matabaka yasiyotandikwa bali husimama yenyewe juu ya ardhi: majengo, nguzo, miti. Hayo yana taratibu zake, nitayafikia.

Kupata data ya mwinuko

Chanzo kilichotumika kwa miaka mingi kuliko vingine ni SRTM. Februari 2000, chombo cha anga cha Endeavour kiliipima ardhi kwa rada kwa muda wa siku 11, kati ya latitudo 60 kaskazini na 56 kusini. Pikseli yake ni ya sekunde moja ya tao (sehemu moja ya 3600 ya digrii), yaani karibu mita 30 kwenye ikweta. Data mpya zaidi ya ukubwa huohuo ni Copernicus GLO-30, iliyotokana na vipimo vya rada vya satelaiti za TanDEM-X vya kati ya 2011 na 2015. Hiyo inafika hadi kwenye ncha za dunia, ambako SRTM haikufika. Zote mbili zinapatikana kwenye tovuti ya OpenTopography: unachora kisanduku juu ya eneo lako, unachagua muundo wa GeoTIFF (faili la picha linalojua mahali pake duniani), unapakua. Kama huna sababu maalumu, chukua Copernicus.

Kabla ya kuendelea, jiulize: namba hizi zimepima nini hasa? Data zote mbili zilipimwa kwa rada kutoka juu, na rada hugonga kitu cha kwanza inachokutana nacho. Penye msitu mnene umepata urefu wa karibu na vilele vya miti, na penye majengo marefu umepata mchanganyiko wa mapaa na barabara. Kuna modeli ya uso, inayobeba kila kilichosimama juu ya ardhi, na kuna modeli ya ardhi tupu. Ukisimamisha majengo juu ya modeli ya uso, sehemu ya urefu wa majengo hayo unaihesabu mara mbili. Kwa mandhari ya milima hutaona tatizo. Kwa mafuriko au mteremko wa maji ni kosa kubwa, maana mstari wa miti kando ya mto utaonekana kama tuta linalozuia maji.

Usisahau pia ukubwa wa pikseli. Korongo lenye upana wa mita 5 halimo kwenye data ya mita 30, na hakuna mpangilio wa 3D utakaolileta. Kazi yako ikiwa ni kiwanja, barabara moja au kingo za kijito, tafuta data ya lidari (upimaji kwa miale ya leza) au ya droni, ambayo pikseli yake huwa mita moja au chini ya hapo.

Kusawazisha vipimo

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Data uliyopakua huja kwa digrii za latitudo na longitudo, ilhali miinuko imeandikwa kwa mita. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Programu ikichukulia kwamba digrii moja upande na mita moja juu ni kipimo kimoja, kilima cha mita 100 kitaonekana na urefu wa digrii 100, yaani zaidi ya kilomita 11,000. Matoleo mengi ya QGIS hukataa kabisa kufungua dirisha la 3D mradi ukiwa kwenye digrii, na ni heri hivyo. Programu nyingine hukuonyesha ukuta na kukuacha ushangae.

Dawa yake ni kuihamishia ramani kwenye projeksheni, yaani njia ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye ramani bapa, inayopima kwa mita. Kwa eneo lisilo kubwa sana, UTM inatosha. Dunia imegawanywa kanda 60, kila moja ina upana wa digrii 6. Kupata kanda yako, ongeza 180 kwenye longitudo (ya magharibi ihesabu kuwa hasi), gawanya kwa 6, tupa desimali, kisha ongeza 1. Longitudo 100 mashariki: 280 kwa 6 ni 46.67, unabaki na 46, ukiongeza 1 unapata kanda ya 47. Namba ya EPSG, ambayo ndiyo utambulisho wa kila mfumo wa vipimo vya ramani, ni 326 ikifuatwa na kanda kama uko kaskazini mwa ikweta, au 327 kama uko kusini. Kwa mfano huu ni 32647 au 32747.

Fungua Raster, kisha Projections, kisha Warp. Chagua rasta yako na mfumo unaoutaka. Kwenye njia ya kukokotoa pikseli, usiache Nearest Neighbour, chagua Bilinear au Cubic. Nearest Neighbour hunakili namba bila kuzilainisha, na kwenye 3D utaona mistari na vingazi kwenye miteremko ambavyo haviko ardhini. Baada ya hapo badilisha na mfumo wa mradi mzima, kwa kubofya namba ya EPSG iliyo kona ya chini kulia.

Na tahadhari kuhusu EPSG 3857, projeksheni inayotumiwa na ramani nyingi za kwenye tovuti. Inahesabu kwa mita, kwa hiyo QGIS haitalalamika. Lakini mita zake hutanuka kadiri unavyoiacha ikweta. Kwenye latitudo 60 umbali wote huwa mara mbili ya ulivyo kweli, huku miinuko ikibaki vilevile. Milima ya huko itaonekana nusu ya urefu wake, na hakuna ujumbe wa kosa utakaokuambia.

Mashimo kwenye data

Mara yangu ya kwanza kuandaa mandhari ya bonde lenye kingo kali, katikati ya picha palitokea kisima kisicho na mwisho. Nilibadilisha mipangilio ya kamera, nikazima matabaka, nikaanza mradi upya, kisima kikabaki palepale. Mwishowe nilibofya pikseli moja kwa zana ya Identify nikaona namba -32768. Hiyo ndiyo namba ambayo mafaili ya SRTM hutumia kusema hapa hakuna data, na programu ilikuwa imeisoma kama mwinuko wa kweli.

Tangu siku hiyo huangalia jambo hili kabla ya yote. Fungua sifa za tabaka, nenda Information, soma thamani ya chini na ya juu. Kama thamani ya chini haiingii akilini, tumia Raster, Conversion, Translate, uandike namba hiyo kuwa ya kukosekana kwa data. Kisha tumia Raster, Analysis, Fill Nodata, ambayo huziba mashimo kwa kukadiria kutoka pikseli za jirani. Kuziba pikseli chache ni sawa. Shimo likiwa pana la kilomita kadhaa, usilizibe kwa kubahatisha, tafuta data nyingine.

Maliza kwa kukata eneo unalolihitaji tu: Raster, Extraction, Clip Raster by Extent. Kipande kimoja cha SRTM cha digrii moja kina pikseli 3601 kwa 3601, karibu milioni 13. Kompyuta ya kawaida inakimudu, lakini ukiunganisha vipande ishirini bila sababu utaona tofauti.

Pamba kitambaa kabla hujakiinua

Kinachoonekana kwenye 3D ni kilekile ulichokipanga kwenye ramani ya kawaida, kwa mpangilio uleule wa juu na chini. Picha ya satelaiti iwe chini, mito na barabara juu yake. Kama huna picha nzuri, chukua rasta ya mwinuko, ipe rangi kulingana na urefu, kisha inakili na nakala uipe mtindo wa Hillshade, yaani vivuli vya milima. Jua la kawaida huwekwa nyuzi 315, yaani kaskazini-magharibi, kwenye kimo cha nyuzi 45. Weka Hillshade juu ya rangi, na kwenye mtindo wa kuchanganya uchague Multiply. Punguza nguvu yake hadi iwe hafifu, kwa sababu dirisha la 3D lina taa zake, na vivuli viwili vinavyopingana huchosha macho.

Maandishi ni tatizo la peke yake. Majina yaliyoandikwa kwenye ramani ya kawaida hulala juu ya ardhi kama rangi iliyomwagwa, na kwenye mteremko mkali huvutika hadi yasisomeke. Tengeneza mandhari mbili za matabaka (Map Themes), yaani orodha mbili za matabaka yanayoonekana, kwa kitufe cha jicho kwenye paneli ya matabaka: moja yenye majina kwa ajili ya 2D, nyingine isiyo nayo. Dirisha la 3D linakuruhusu kuchagua mandhari litakayoonyesha.

Kufungua dirisha

Sasa nenda View, 3D Map Views, New 3D Map View. Utaona ramani yako bapa, wala usife moyo. Bofya alama ya spana, chagua Configure, fungua Terrain. Kwenye aina weka DEM (rasta ya mwinuko), na kwenye mwinuko chagua rasta uliyoiandaa. Bofya OK na ardhi itainuka.

Vipo vipengele vitatu pale vya kuvielewa. Tile resolution huamua ni pikseli ngapi za mwinuko zitumike kwa kila kigae cha ardhi, ukiiongeza miinuko huwa myororo na kompyuta hufanya kazi zaidi. Skirt height ni pindo linaloning'inizwa kwenye kingo za vigae ili kuziba nyufa kati yake, ukiona mistari myembamba ya mwanga kwenye milima, ongeza hiyo. Map tile resolution, ambayo huenda ukaikuta kwenye sehemu ya Advanced, ni ukali wa kitambaa. Huwa pikseli 512, na picha ya satelaiti ikionekana na ukungu, ipandishe hadi 1024.

Kutembea ndani yake ni rahisi. Kitufe cha kushoto cha kipanya huvuta ramani, gurudumu husogeza karibu na mbali, na ukishikilia gurudumu, au Shift pamoja na kitufe cha kushoto, unageuza na kuinamisha kamera. Kuinamisha ndiko kunakoleta uhai. Kamera ikiwa juu kabisa hutaona tofauti na 2D.

Kukuza urefu, na lini usikuze

Hapa watu hukata tamaa. Wameandaa kila kitu sawasawa, lakini ardhi inaonekana kama uwanja wa mpira. Fanya hesabu: eneo lako lina upana wa kilomita 50, na tofauti kati ya bonde na kilima ni mita 200. Uwiano ni moja kwa 250. Kwenye skrini yenye upana wa pikseli 1000, kilima hicho kinapata pikseli 4. Hakuna kosa lolote, dunia ndivyo ilivyo.

Kipengele cha Vertical scale ndicho hukuza urefu. Ukiweka 5, pikseli 4 zinakuwa 20, na mabonde yanajitokeza. Kwa nyanda pana huanza na 3 hadi 5, kwa vilima 1.5 hadi 2, na kwa milima mirefu yenye miteremko mikali huacha 1. Namba hizi ni za jicho langu. Dalili ya kuzidisha ni pale miteremko yote inapoanza kufanana na meno ya msumeno.

Sharti langu ni moja: ukikuza, andika kiwango hicho kwenye picha. Anayetazama picha iliyokuzwa mara 5 anaona mteremko wa nyuzi 10 kama wa nyuzi 41, na anaweza kuamua kwamba njia haipitiki au kwamba nyumba iko hatarini. Na palipo na majengo acha 1, kwa kuwa jicho la mtu linajua ghorofa ina urefu gani na hupima kilima kwa hilo.

Vitu vinavyosimama

Bofya mara mbili tabaka la vekta, yaani la nukta, mistari au maumbo yaliyofungwa (poligoni), fungua 3D View, chagua Single symbol. Kwa nukta unapata maumbo kama tufe, silinda na koni, au faili la modeli yako mwenyewe, kwa mfano mti. Kwa poligoni kuna vipengele viwili vinavyochanganywa na wengi: Height ni umbali wa kitako cha umbo kutoka msingi wake, na Extrusion ni urefu wa umbo lenyewe kutoka hapo. Jengo la kawaida lina Height sifuri na Extrusion ya mita kadhaa.

Majengo ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, mengine yana safu ya height, mengine yana idadi ya ghorofa tu, mengi hayana chochote. Kando ya Extrusion kuna kitufe kidogo cha kuandika kanuni, na hapo weka:

coalesce(to_real("height"), to_real("building:levels") * 3, 4)

Maana yake: tumia urefu ulioandikwa, ukikosekana zidisha ghorofa kwa mita 3, navyo vyote vikikosekana weka mita 4. Safu hizi huhifadhiwa kama maandishi, na wengine huandika 12 m badala ya 12, kwa hiyo ondoa herufi kwanza. Jua pia kwamba mita 4 hizo ni makisio yako.

Halafu kuna Altitude clamping, mzizi wa vitu vinavyoelea. Terrain hubandika kitu juu ya ardhi na kupuuza mwinuko wowote uliomo kwenye data. Relative huongeza mwinuko wa data juu ya ule wa ardhi. Absolute hutumia mwinuko wa data peke yake, kutoka usawa wa bahari. Nukta zenye mwinuko wa mita 1200 ukiziwekea Relative juu ya ardhi ya mita 1200 zitaruka hadi mita 2400. Kwa majengo, chagua Terrain pamoja na Centroid kwenye Altitude binding, ili paa libaki bapa. Ukichagua Vertex, kila kona itafuata ardhi yake na jengo lililo kwenye mteremko litapinda.

Ikiwa umechagua Absolute na nukta za GPS bado zinaelea au kuzama kwa makumi ya mita, usilaumu kipokezi. GPS hupima urefu kutoka umbo laini la kihesabu la dunia, ilhali data ya mwinuko hupimwa kutoka jioidi, inayokaribia usawa wa bahari. Tofauti kati ya hivyo viwili hubadilika mahali hadi mahali na yaweza kufika karibu mita 100. Tafuta thamani ya eneo lako kwenye modeli ya jioidi, EGM2008 kwa Copernicus au EGM96 kwa SRTM, uitoe kwenye namba za GPS. Thamani ikiwa hasi, kuitoa kutakuongezea urefu.

Mwanga na uhakiki

Kwenye Configure, sehemu ya Lights, weka mwanga wa mwelekeo mmoja ukitokea pembeni, si utosini. Vivuli viwashe mwishoni kabisa, kwani hulemea kadi ya michoro.

Kabla hujampa mtu picha, chagua mahali patatu unapopajua urefu wake, kilele, ukingo wa ziwa, kituo cha upimaji, ubofye rasta kwa Identify na ulinganishe. Tazama pia mito: ikiwa mto unapanda kilima, tabaka mbili hazikukaa sawa, na mara nyingi mojawapo imepewa projeksheni isiyo yake.

Na swali lako likiwa ni la namba, kwa mfano mnara huu unaonekana kutoka pale, au njia inapanda mita ngapi, usipime kwa macho kwenye 3D. Vilivyo karibu huonekana vikubwa na mlima wa mbele huficha wa nyuma. Tangu toleo la 3.26 QGIS ina Elevation Profile: unachora mstari, unapata sura ya ardhi iliyokatwa kama keki, yenye vipimo. Mimi hufungua zote mbili kando kwa kando.

Kutoa picha

Alama ya kuhifadhi kwenye dirisha la 3D hutoa picha ya kile unachokiona, kwa hiyo panua dirisha kwanza. Kwa video, fungua Animations, sogeza kamera, ongeza kituo kwa kitufe cha kujumlisha, sogeza tena, ongeza kingine. Acha sekunde nyingi kati ya vituo, maana kamera inayokimbia humchanganya mtazamaji. QGIS itatoa mfululizo wa picha kwenye folda, utauunganisha kwa programu yoyote ya video.

Ukitaka watu wazungushe mandhari wenyewe bila kuwa na QGIS, sakinisha programu-jalizi ya Qgis2threejs, ambayo hutoa ukurasa wa kufunguliwa kwenye kivinjari. Kama unapeleka matabaka Google Earth, yahifadhi kama KML, muundo wa faili wa Google Earth, na ukague altitudeMode: clampToGround, relativeToGround na absolute hufanana na Terrain, Relative na Absolute tulizoziona. Faili la KML hurudi kwenye latitudo na longitudo, na ardhi utakayoiona huko ni ya Google Earth, si ile rasta uliyoiandaa, kwa hiyo kagua upya nukta zako zote zilizowekwa absolute.